Mtoto Huyu Hana Viatu

Fundi viatu alifika kwenye kona yake saa mbili asubuhi akakuta watu watatu wameizunguka meza ya muuza magazeti, jirani yake. Akadhani kuna habari kubwa. Kumbe hakuna aliyekuwa anasoma gazeti. Wote walikuwa wanatazama kopo. Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, limetobolewa tundu juu la kutumbukizia pesa. Ubavuni limebandikwa picha ya msichana wa miaka kumi na mitatu akiwa hewani, kamba inapita chini yake, nyayo zake mbili zenye vumbi zimemwelekea mtazamaji. Chini ya picha, kwa herufi kubwa: MTOTO HUYU HANA VIATU. ANARUKA PEKU. MCHANGIE AFIKE NG'AMBO.

Msichana huyo alikuwa binti yake.

"Fundi!" muuza magazeti akamwita kwa furaha. "Mwanao staa, wala hutuambii! Jana jioni mama wa duka la dawa kaniletea kopo, nikasema, he, sura hii naijua."

Fundi akainama akasoma. Akasoma tena, maana mara ya kwanza macho yake yalikataa. Mmoja wa wale watu watatu, mzee mwenye mkoba wa karatasi za ofisini, alimtazama fundi, akalitazama boksi la vifaa alilolibeba, nyundo inachungulia pembeni.

"Wewe si ndiye unayeshona viatu hapa?"

"Ndiye mimi."

"Na huyu ni mwanao?"

"Wangu."

Mzee akacheka, wala si kwa ubaya, akacheka kama mtu aliyeona mwenzake kavaa shati ndani nje. Akatumbukiza sarafu mbili, akaenda zake.

Aibu ziko za kila namna, na mtu akifika umri wa fundi anakuwa ameshajifunza kuishi na nyingi. Kudaiwa kodi mbele ya wapangaji wenzako, unaizoea. Kuvaa koti la shemeji aliyefariki, unaizoea. Lakini ukimwambia fundi viatu kwamba mwanawe hana viatu, umembakishia nini? Na yule mtoto alikuwa na jozi tatu, jamani. Vyeusi vya shule, ndala za nyumbani, na raba za kurukia kamba ambazo fundi alizishona kwa mkono wake kwa siku nne, turubai nyeupe juu, soli nyepesi ya sponji chini, uzi umepita mara mbili. Mwalimu wa kikundi chake cha kuruka kamba alizishika akazipinda akasema za dukani hazifikii.

Akakaa kwenye kigoda chake. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake vya kisigino. Akalipa, akapokea chenji, akaiangalia chenji, akaliangalia kopo. Akaitumbukiza yote.

"Pole, fundi," akasema kwa sauti ya chini, kama yuko msibani. "Ndiyo maisha."

Fundi akasema asante. Angesema nini?

*

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya zahanati, alirudi saa kumi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akajikanda vidole. Fundi hakuwa amefungua mdomo bado.

"Najua," mkewe akasema. "Lipo mapokezi. Wamelipanga juu ya kaunta, pale pale wagonjwa wanapotoa kadi. Nesi mkuu kaniita pembeni. Kaniambia, dada, kama hali ni ngumu ungesema, tungekuchangia humu humu ndani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nina mashuka kwenye maji."

Binti yao, Springi, akaingia akitokea mazoezini, anahema, jasho limemlowesha shingo. Jina hilo alipewa na mwalimu wa kikundi siku ya kwanza tu alipomwona akiruka, na tangu hapo hata mama yake aliliacha lile la cheti cha kuzaliwa. Miguuni alikuwa na raba zake nyeupe. Baba yake alizitazama raba, halafu akamtazama yeye.

"Springi, njoo hapa. Siku ile ya kupigwa picha ulivaa nini?"

"Sare."

"Miguuni."

Mtoto akakuna kiwiko.

"Nilivua," akasema.

"Nani alikuambia uvue?"

"Hakuna."

"Hakuna ni nani? Katibu? Mwalimu?"

"Nilivua mwenyewe, baba." Kisha maneno yakamtoka mfululizo. "Tumealikwa kuruka ng'ambo, watoto kumi na wawili. Wenyeji watatupa chakula na pa kulala, na mwalimu watamlipia nauli, ila nauli zetu juu yetu. Sasa Katibu wa kamati akatuambia, pesa zikipungua watapunguza watu, na wataanza na wadogo. Mimi ndiye mdogo kuliko wote. Halafu akasema wanataka picha ya mtoto mmoja tu, watu wakimwona waguswe. Na huyo wa kwenye picha hakatwi, kwa sababu watu watauliza yuko wapi yule tuliyemchangia. Basi wenzangu wote wakakimbilia mbele, wakachana nywele, wakaanza kucheka na kamera. Mimi nikaenda nyuma ya ukuta nikavua viatu."

Mama yake akaguna. Halafu, Mungu amsamehe, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. Fundi hakucheka.

"Ulimwambia Katibu huna viatu?"

"Sikumwambia. Yeye ndiye aliniuliza, huna viatu, mwanangu?"

"Ukasemaje?"

"Nikaangalia chini."

"Ukaangalia chini!" Fundi akasimama, akakaa tena, maana chumba kile hakikuwa na nafasi ya mtu mwenye hasira kutembea. "Kesho naenda kwa huyo Katibu. Namwambia ukweli, ayabandue makopo yake yote."

"Mume wangu, tulia kwanza," mkewe akasema. "Huyu kafikiri kuliko kamati nzima. Ukienda utapata nini?"

"Nitapata jina langu."

Springi hakulia. Angelia, baba yake angejua la kufanya, maana watoto wakilia wanabembelezwa. Yeye aliketi sakafuni akaanza kufungua kamba za raba, taratibu, akasema tu:

"Nitakatwa, baba. Wewe nenda, lakini ujue nitakatwa."

*

Katibu wa kamati alikuwa ndiye mwenye duka la dawa, mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa mnyororo, sauti haipandi hata siku moja. Alimkaribisha fundi kwenye benchi la wagonjwa kama vile alikuwa anamsubiri.

"Mama, nimekuja kwa habari ya lile kopo," fundi akaanza. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno, sasa hakuyaona. "Mwanangu ana viatu."

"Najua."

"Unajua?"

"Fundi, miguu ya mtoto asiyevaa viatu naijua vizuri. Ndiyo ninayoiuzia dawa kila siku. Wa kwako ana nyayo laini kama za mtoto mchanga."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Hakujiandaa kwa mtu wa kukubaliana naye.

"Sasa mbona umeandika hana viatu?"

"Nikuulize na mimi." Katibu akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Wiki tatu tulizungusha makopo yenye picha ya watoto wote kumi na wawili. Wamejipanga, sare safi, wanacheka. Unajua tulipata ngapi? Hata nauli ya mtu mmoja haikutimia. Watu walikuwa wanasema, hawa mbona wamenawiri, waende kwa pesa zao. Haya yenye picha ya mwanao yana siku nne, na nauli za watu watatu zimeshapatikana. Mimi watu sikuwaumba, fundi. Nimewakuta hivyo hivyo."

"Lakini wananicheka."

"Wanakucheka na wanatoa."

Fundi akatazama rafu za dawa. Kila chupa ilikuwa na karatasi yake na kila karatasi ilikuwa imenyooka.

"Ukitaka nayabandua leo hii," Katibu akaendelea, kwa upole ule ule. "Yako hamsini na mawili. Nitazunguka mwenyewe. Lakini pesa zikipungua kamati itakaa, na mimi nina kura moja tu kama wengine. Sitaki uje kuniambia sikukuambia."

Hapo akaingia mteja, kijana wa gereji mwenye mafuta mikononi, anataka dawa ya kichwa. Alipokuwa akisubiri akaliona kopo juu ya kaunta, akaisoma picha, akasikitika kwa kutikisa kichwa.

"Huyu ndiye baba yake," Katibu akasema.

Kijana akageuka. Hakutumbukiza pesa kwenye kopo. Akaichukua chenji yake, akamshika fundi mkono, akamfumbatisha. "Mzee, mnunulie mtoto kitu," akasema, akatoka upesi kabla ya kushukuriwa.

Fundi akabaki na zile sarafu kiganjani, bado zina mafuta ya gereji. Angeweza kumkimbilia yule kijana akamrudishia. Angeweza kutoka akamwachia Katibu kaunta yake na maneno yake. Akainuka, akazitumbukiza kwenye kopo, moja moja. Hivyo ndivyo alivyokubali. Hakusema ndiyo, na Katibu hakumlazimisha aseme.

"Jambo moja dogo tu, fundi," Katibu akasema wakati anatoka. "Zile raba. Asionekane nazo barabarani mpaka siku ya hafla ya changizo la nauli ipite."

*

Ilikuwa bado wiki tano.

Wiki ya kwanza watu walimtania. Muuza magazeti ndiye aliyembatiza Baba Peku, na kufika Ijumaa jina lilikuwa limeshavuka barabara, limefika kwa wauza simu, limefika kwa kinyozi. "Baba Peku, nipigie dawa kiatu hiki!" "Baba Peku, leo mbona umevaa viatu, umekopa?" Fundi alicheka nao. Ukitaniwa usipocheka unakuwa umekiri.

Wiki ya pili wakaanza kuleta viatu. Si vya kushona, vya msaada. Mama mmoja alileta jozi ya mwanawe aliyekua. Mwingine aliacha mfuko wa plastiki chini ya boksi la vifaa, ndani mna raba moja ya kulia na raba mbili za kushoto. Mwalimu mstaafu alimletea viatu ambavyo soli ilikuwa inaning'inia, akasema, "Hivi havina shida, fundi atavishona," halafu akakumbuka anaongea na nani, akakohoa. Fundi akavipokea vyote. Akavipanga nyuma ya kigoda. Wateja wapya walipopita waliona rundo, wakadhani ni kazi nyingi zimelala, wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili.

Wiki ya tatu ndiyo iliyouma, kwa sababu utani uliisha watu wakaanza kufikiri. Mtu ana kazi, ana mikono miwili, mke naye anafanya kazi, mtoto mmoja tu. Pesa inakwenda wapi? Swali hilo hakuna aliyemuuliza usoni, lakini alilisikia likizunguka. Mama wa viatu vya kisigino alikuja na viatu vingine, safari hii akataka kulipa kazi ikiisha badala ya kutanguliza nusu kama kawaida yao. "Si kwamba sikuamini," akasema, na macho yake yakaenda mbali.

Springi naye alikuwa anatoka nyumbani peku, viatu ndani ya mkoba, anavivaa akiingia darasani. Mama yake alikuwa anampaka mafuta nyayo kila jioni, zinaanza kukomaa.

"Zinauma?" baba yake akamuuliza siku moja.

"Barabara ikiwa ya moto tu."

"Tuache?"

"Baba, nauli za watu tisa zimepatikana," mtoto akajibu. Alikuwa anazifuatilia kuliko Katibu mwenyewe.

*

Changizo lilifanyika Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa shule. Viti vya plastiki, vipaza sauti vinavyopiga mluzi, meza ya mbele imetandikwa kitambaa cheupe. Mgeni rasmi alikuwa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ambaye watu wote walimwita Tajiri, na yeye akiitwa hivyo huitikia. Fundi na mkewe walikalishwa mstari wa mbele. Mkewe alikuwa amepiga pasi gauni lake mara mbili, Katibu alipomwona akamwambia kwa sauti ya chini, "Ungevaa la kawaida, dada yangu."

Watoto waliruka, na kwa kweli waliruka. Kamba mbili zinazungushwa kwa pamoja, hazionekani, unasikia tu zinavyokata hewa, na Springi katikati, anaingia, anajipindua, anasimama kwa mkono mmoja, anatoka. Fundi alisahau kila kitu. Kwa dakika nne alikuwa baba wa mtoto anayeruka kuliko wenzake, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Halafu mahesabu yakasomwa. Nauli za watu tisa zipo. Watatu bado.

Tajiri akasimama, akachukua kipaza sauti. Akasema ameguswa. Akasema tangu alipoiona ile picha hakulala vizuri. Akatoa boksi chini ya meza, ndani mna raba mpya, nyekundu, zinang'aa, akamwita Springi akamvisha mwenyewe, kamera zikapiga. Fundi aliziangalia kwa jicho la kazi: zimegandishwa kwa gundi tu, hakuna hata uzi mmoja, miezi miwili zitaachama. Tena zilikuwa kubwa kwa namba moja na nusu. Lakini Springi akatabasamu ukumbi mzima ukafurahi.

"Hizo nauli tatu nazilipa mimi," Tajiri akasema, na makofi yakaanza, akayazuia kwa mkono. "Lakini kwanza nataka kumsikia mzazi. Yuko wapi baba?"

Katibu alikuwa ameshampa fundi sentensi yake tangu juzi: Nawashukuru wote, Mungu awabariki. Maneno manne, hata mtoto angeyaweza. Fundi akapanda, akashika kipaza sauti, akayasema. Akataka kushuka.

"Subiri kidogo, mzee wangu." Tajiri akamshika bega. "Nimeambiwa wewe ni fundi viatu. Kweli?"

"Kweli."

"Fundi viatu!" Tajiri akaugeukia ukumbi, ukumbi ukacheka, hasa pale nyuma walipokaa watu wa kona. "Sasa ndugu yangu, tuambie, tujifunze. Ilikuwaje fundi viatu, mtoto wake akakosa viatu?"

Kicheko kikaisha. Kimya kilichofuata fundi alikijua, alikuwa amekisikia kona kwa wiki tano, ila sasa kilikuwa kimekusanyika mahali pamoja kinamsubiri. Aliona njia ya kutokea. Angesema: mwanangu ana jozi tatu, nimemshonea mimi. Na Tajiri angeweka pesa zake mfukoni, na waliotumbukiza sarafu kwenye makopo hamsini na mawili wangedai zao, na watoto kumi na wawili wangebaki, achilia mbali mmoja. Akamtafuta Springi. Mtoto alikuwa amesimama pembeni na raba nyekundu, anamtazama baba yake, hapepesi.

Akafikiria aseme umaskini. Lakini mtu yeyote mle ndani alijua kwamba vipande vya ngozi na gundi havimshindi fundi, hata awe fukara vipi. Jibu la kuaminika lilikuwa moja tu, na ukumbi mzima ulikuwa unalijua kabla yake.

"Pombe," fundi akasema.

Kipaza sauti kikapiga mluzi.

"Nilikuwa nakunywa," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. "Nikipata, naishia huko. Mtoto akawa hana."

Ukumbi ukashusha pumzi. Kumbe! Sasa kila kitu kilieleweka. Mama mmoja akalia. Tajiri akamkumbatia fundi mbele ya kamera, akamwambia yeye ni mwanaume kweli kweli kwa kukubali kosa lake, akamtaka aape mbele ya watu wote kwamba hatagusa tena. Na fundi, ambaye maishani mwake hakuwahi kuonja pombe hata tone, akainua mkono wa kulia akaapa kuacha.

Nauli tatu zikalipwa pale pale. Watu wakasimama wakashangilia. Mkewe peke yake alibaki ameketi, anaangalia mapaja yake, anakunja na kukunjua pindo la lile gauni.

Njia ya kurudi walitembea watatu. Springi alikuwa amevua zile raba nyekundu kwa sababu zinamchopoka miguuni. Walipokaribia nyumbani akamshika baba yake mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa na miaka tisa.

"Baba, wewe hunywi."

"Si umesikia? Nimeacha."

Mama yake akacheka safari hii pia, lakini kicheko kiligeuka njiani, ikabidi wasimame wamsubiri amalize kulia.

*

Walisafiri Alhamisi, wote kumi na wawili na mwalimu wao. Springi alikuwa na begi jipya la mchango na tikiti yenye jina lake la cheti, na kwenye ngazi za basi la kwenda uwanja wa ndege aliruka ngazi mbili mbili. Fundi alisimama akampungia mpaka basi likakata kona. Alifurahi, hilo lisemwe. Ndilo alilolilipia na alilipata.

Kona ilikuwa imebadilika. Hakuna aliyemwita Baba Peku tena. Walimpongeza. "Kaza buti, fundi," walimwambia, "siku ya kwanza ndiyo ngumu." Kinyozi alimletea kijitabu cha mtu aliyeacha pombe. Muuza magazeti, ambaye kwa miaka saba alikuwa anakaa naye toka asubuhi mpaka jioni na anajua hata anapokwenda haja, alikuwa anamnusa kila asubuhi kwa siri. Wateja waliokuja walisimama wakimtazama vidole, kama vinatetemeka. Na vidole vikitazamwa sana hutetemeka, ndiyo hulka yake.

Siku ya nne simu yake ikalia saa nne asubuhi. Namba ndefu ngeni. Mbele yake walikuwa wamekaa wateja wawili, mama wa viatu vya kisigino na karani mmoja kijana, kila mmoja mguu mmoja una ndala ya kuazima. Muuza magazeti akaja mbio.

"Baba!" Sauti ya Springi ilikuwa karibu mno, kana kwamba yuko nyuma ya ukuta.

"Mwanangu! Mmefika salama? Mnakula?"

"Tunakula. Baba, jana tumeruka, watu wamejaa, wamesimama wote. Ile picha yangu wameiweka mlangoni, kubwa kuliko mimi. Wameniomba niruke peku, kama kwenye picha."

"Ukaruka?"

"Nikaruka. Sakafu yao ina baridi. Baba, sikiliza, natumia simu ya mwalimu, haraka. Leo kuna watu wa kutuhoji. Katibu aliwatumia habari yako, ile ya ukumbini. Sasa wananiuliza mimi."

"Wanakuuliza nini?"

Nyuma ya Springi ilisikika sauti ya mwalimu ikimharakisha.

"Wanauliza, baba akilewa alikuwa anakupiga? Mwalimu anasema niseme kidogo tu, kwamba mara moja moja, ili waone tumetoka wapi. Wanasema mwakani wanaweza kutulipia wao wenyewe nauli. Niseme nini, baba?"

Fundi alikuwa na sindano mkononi, uzi wa nailoni umepita nusu. Pombe aliikubali, kwa sababu pombe ilikuwa kwake yeye. Hili lilikuwa la mtoto. Akasikia kitu kinampanda kifuani ambacho wiki zote zile hakikuwa kimepanda, hata ukumbini, na alipofungua mdomo hakusema, alipiga kelele.

"Sijawahi kukupiga! Unanisikia? Sijawahi kukupiga hata siku moja! Waambie hivyo! Waambie baba yangu hajawahi kunipiga!"

"Haya, baba," Springi akasema, na simu ikakatika, kama ni mtandao au ni mwalimu haikujulikana.

Fundi akaishusha simu. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na mashine mkononi inanguruma peke yake. Wauza simu walikuwa wamegeuka. Wote walikuwa wamesikia upande wake mmoja tu, na walikuwa wanamtazama kwa namna ile watu wanavyomtazama mlevi anapokana.

"Tulia, fundi," muuza magazeti akamwambia polepole. "Mtoto atakusamehe."

Fundi akataka kueleza. Akamtazama muuza magazeti, akamtazama karani, ambaye aliangalia pembeni. Mama wa viatu vya kisigino akavua ndala ya kuazima, akainama akakichukua kiatu chake pale kwenye goti la fundi, sindano ikiwa bado imening'inia. Akasema amekumbuka kuna mahali anawahi.

"Hakijaisha, mama," fundi akasema. "Bado upande mmoja."

"Hapana shida," mama akajibu, akakivaa hivyo hivyo, akaondoka.